Nani Mwenye Shairi? Tungo za Muyaka, Wahariri Wake na Hadhira ya Mvita

Utangulizi

Kibokoni ni mmojawapo wa mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa. Tangu Mji wa Kale ulipotangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwenye nyumba katika mtaa huo hawezi kung'oa mlango wa nakshi wala kubomoa roshani kwa hoja tu kwamba nyumba ni yake. Hana budi kuomba idhini. Utaratibu huo umejengwa juu ya dhana kwamba kitu chaweza kuwa cha mtu mmoja kwa hati na papo hapo kikawa cha umma kwa historia yake.

Tungo zilizozaliwa katika mji huohuo hazikupata kinga ya namna hiyo. Zilihamishwa kutoka kinywani hadi katika hati za Kiarabu, kutoka hati hizo hadi katika herufi za Kilatini, na kutoka Mombasa hadi London, Johannesburg na Nairobi. Katika kila kituo palikuwa na mtu aliyelazimika kuamua neno lipi liandikwe na kwa tahajia ipi. Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya mabadiliko hayo kwa kuzitazama tungo za Muyaka bin Haji, na kuuliza swali ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameligusa kwa mbali tu: kazi ikishapendwa na watu, ni nani aliye na haki ya kuibadilisha, na hadhira inapolalamika hudai kitu gani hasa?

Mtunzi, Mamlaka na Hadhira

Swali hili si la ushairi pekee. Katika sanaa ya filamu limezusha mabishano makubwa, na ni vyema kuanza huko kwa kuwa filamu ina jambo ambalo ushairi wa kale hauna: nakala ya kwanza yenye tarehe inayojulikana.

Mwaka 1988 mwongozaji wa Marekani, George Lucas, alifika mbele ya Bunge la nchi yake kupinga tabia ya wenye hakimiliki kubadilisha filamu za zamani. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi za sanaa ni urithi wa taifa na hazifai kuharibiwa kwa ajili ya faida. Mwaka 1997, Lucas huyohuyo alitoa upya filamu yake ya Star Wars ya mwaka 1977, ikiwa na picha mpya zilizotengenezwa kwa kompyuta na matukio yaliyogeuzwa. Katika onyesho lililozua ubishi mkubwa kuliko yote, mhusika Han Solo, ambaye hapo awali alimwahi adui yake kwa risasi, sasa alionyeshwa akijibu baada ya kufyatuliwa. Wapenzi wa filamu hiyo walikasirika, na hasira yao haikuwa ya kitoto kama ilivyodhaniwa na baadhi ya watu. Walikuwa wameshuhudia tabia ya mhusika ikirekebishwa miaka 20 baada ya wao kumjua. Zaidi ya hayo, toleo la zamani lilikuwa likiondolewa sokoni. Mwaka 2006 lilitolewa kama nyongeza tu ya toleo jipya.

Steven Spielberg alifuata njia kama hiyo kisha akarudi nyuma. Katika toleo la mwaka 2002 la filamu yake E.T., ya mwaka 1982, bunduki za maafisa ziliondolewa na mahali pake pakawekwa redio za mkononi. Baadaye alikiri hadharani kwamba alikosea, na toleo la awali likarejeshwa.

Kwa hadhira ya mwambao, ambako filamu za Kihindi zimependwa kwa vizazi kadhaa, mfano wa Sholay una uzito wa pekee. Filamu hiyo ya Ramesh Sippy ilitoka mwaka 1975, India ikiwa chini ya utawala wa hali ya hatari. Wakaguzi wa filamu hawakukubali mwisho uliokuwa umepigwa, ambapo Thakur, aliyekuwa afisa wa polisi, anamuua Gabbar kwa miguu yake. Mwisho ukapigwa upya: polisi wanatokea na sheria inashika mkondo wake. Mamilioni ya watu waliipenda Sholay katika umbo hilo lililolazimishwa. Filamu iliyokarabatiwa, yenye mwisho wa awali, ilipoonyeshwa Bologna mwaka 2025, kile kilichokuwa asili kwa mwongozaji kilikuwa kipya kwa watazamaji wake.

Mifano hii yatenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuna asili kwa maana ya kile kilichotungwa kwanza, na kuna asili kwa maana ya kile ambacho hadhira ilikipokea na kuishi nacho. Katika kisa cha Lucas mambo hayo mawili yako upande mmoja. Katika Sholay yamefarakana. Tungo za Muyaka, kama itakavyoonekana, zinalitatiza suala hili zaidi, kwa kuwa hadhira ndiyo iliyokuwa hati.

Safari ya Matini

Muyaka bin Haji, anayekadiriwa kuzaliwa yapata mwaka 1776, alifariki mwaka 1840, miaka 3 baada ya Mombasa kutoka mikononi mwa Mazrui na kuingia katika himaya ya Sayyid Said. Alitunga juu ya vita na siasa za mji wake, juu ya mapenzi, ufukara, safari na majirani, na alijibizana na malenga wa Lamu. Wahakiki wengi wamekubaliana kwamba yeye ndiye aliyelipa shairi la mishororo minne nafasi kubwa katika maisha ya kila siku ya watu, nje ya mipaka ya tungo za kidini.

Baada ya kifo chake tungo hizo zilibaki vichwani mwa watu. Katika miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya kutoka kwa waliozihifadhi, akaziandika kwa hati za Kiarabu, na kumweleza mmishenari W. E. Taylor visa vilivyozizaa. Taylor alizinukuu kwa herufi za Kilatini, akitia alama za kutofautisha sauti ambazo sikio la mgeni hulisumbua. Karatasi zake hatimaye ziliwekwa katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha mshairi, William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka kupitia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1979, Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa chapisho jingine, lililozifasiri tungo hizo na kuzirejesha katika mazingira ya Mombasa ya karne ya 19.

Ni dhahiri, basi, kwamba hakuna karatasi hata moja inayoweza kuitwa nakala ya kwanza ya Muyaka. Hati ya Sikujua yenyewe ni ushahidi wa yale ambayo watu wa Mvita walikuwa wakiyakumbuka zaidi ya miaka 40 baada ya mtunzi kuzikwa. Waliokumbuka walichagua bila ya kukusudia. Ubeti uliowagusa ulibaki, na usiowagusa ulipotea. Kwa hiyo wapenzi wa Muyaka hawakusimama nje ya kazi wakiitazama. Bila ya mapenzi yao pasingekuwa na diwani ya kuhaririwa.

Lahaja, Kina na Mkono wa Mhariri

Badiliko lililoleta manung'uniko makubwa Mombasa halikutokana na mhariri mmoja. Lilitokana na sera. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja kilithibitishwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Vitabu vya shule vilihitaji idhini yake. Wajumbe wa miaka yake ya mwanzo walikuwa maafisa wa elimu na wamishenari wa Kizungu, na Kimvita, ambacho Krapf alikuwa amekitumia kama msingi wa kamusi yake ya mwaka 1882, kikawekwa katika daraja ya lahaja.

Kwa mwandishi wa nathari, hasara yake yaweza kuvumilika. Kwa shairi jambo ni jingine. Kimvita husema ndia, nti na mato pale Kiswahili Sanifu kinaposema njia, nchi na macho. Idadi ya mizani haibadiliki, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana msomaji anayehesabu mizani tu hatagundua lolote. Lakini vina huvunjika. Mato hukubaliana na moto, joto na mtoto, ilhali macho hayakubaliani nayo. Ndia huingia katika safu moja na rudia na zidia, na njia haiingii. Mhariri anayesanifisha neno moja la kina analazimika ama kuuacha ubeti ukiwa kiwete ama kuyabadilisha maneno mengine matatu. Akichukua hatua hiyo ya pili, atakuwa amegeuka mtunzi.

Hali kadhalika, alfabeti sanifu haina alama ya kutenganisha t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo Mmvita huisikia bila ya taabu, wala haitenganishi paa la nyumba na paa wa mwituni, ambaye jina lake hutamkwa kwa mpumuo. Mshairi anayecheza na sauti hizo huchapishwa nusu yake.

Itikio la Mombasa kwa hali hii lilionekana wazi zaidi katika vitabu kuliko katika malalamiko. Malenga wa Mvita, diwani ya Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo iliyochapishwa na Oxford mwaka 1971, ilihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Badala ya kuyaondoa maneno ya Kimvita, mhariri aliyaacha na kuyaeleza. Msomaji wa bara alitakiwa apige hatua kulifuata shairi, na akapewa msaada wa kufanya hivyo. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972 na kutolewa mwaka 1973, ilibaki na lugha ya Mvita, na mwaka 1974 ikatunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Hoja kwamba lahaja ingewafukuza wasomaji ilikuwa imejibiwa kwa vitendo.

Hoja Kinzani

Yafaa kuzizingatia hoja mbili zinazoweza kutolewa dhidi ya msimamo wa wapenzi wa matini ya kale.

Ya kwanza ni kwamba hadhira nayo hubadilisha. Beti zilizokaririwa barazani kwa miongo minne haziwezi kuwa zilibaki kama zilivyotoka kinywani mwa Muyaka. Hili ni kweli, lakini halimpi mhariri ruhusa anayoidhania. Mabadiliko ya barazani hufanyika mbele ya watu wanaoijua lugha, na anayekosea kina husahihishwa papo hapo. Toleo la mmoja halifuti la mwingine. Badiliko la chapa hufanyika mbali, huenezwa kwa maelfu ya nakala, na huja likiwa na mamlaka ya shule na mtihani. Mwanafunzi hukariri kilichochapishwa, kisha humsahihisha babu yake kwa hicho.

Hoja ya pili ni ya hati zenyewe. Hati za Kiarabu katika matumizi yake ya kale hazikutofautisha daima b, p na mb, wala g na ng. Kila anayezinukuu huchagua, na kwa hiyo, yasemwa, uhariri usiobadilisha haupo. Hili nalo ni kweli. Hata hivyo, kuchagua mojawapo ya usomaji ambao hati yauruhusu si sawa na kuingiza neno ambalo hati yalikataa. La kwanza ni tafsiri inayoweza kupingwa na msomaji mwenye hati mkononi. La pili humnyima msomaji huyo hata kujua kwamba pana jambo la kupinga.

Hapa ndipo kisa cha Lucas na cha Muyaka vinapokutana, licha ya umbali wao. Waliomlaumu Lucas hawakuwa na haki ya kumzuia kuirudia kazi yake. Dai lao lenye nguvu lilikuwa jingine: kwamba filamu ya mwaka 1977 iendelee kupatikana kando ya ile ya mwaka 1997. Spielberg alipoirejesha ya kwanza, ugomvi ulikwisha. Vivyo hivyo, mwalimu anayetaka kuwasomea watoto wa darasa la 7 Muyaka aliyerahisishwa hana kosa, madhali kitabu chenyewe kinasema hivyo na chanzo chake kinaweza kufikiwa.

Hitimisho

Kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, matokeo ya mjadala huu ni ya kiutendaji. Tasnifu nyingi hunukuu beti za kale bila ya kutaja toleo, kana kwamba tofauti ya Hichens na Abdulaziz ni ya jalada tu. Mhakiki anayejenga hoja juu ya kina au juu ya neno moja la Muyaka anawajibika kueleza neno hilo limetoka katika karatasi ipi, na limepita mikononi mwa nani. Chapisho linaloweka hati ya Sikujua, unukuzi wa Taylor na usomaji wa Wamvita wenyewe katika ukurasa mmoja lingefaa zaidi kuliko toleo jingine lililosafishwa.

Barabara kuu ya Mji wa Kale ingali ikiitwa Ndia Kuu, na hakuna msafiri aliyepotea kwa kuwa haikuandikwa Njia Kuu. Jina hilo liliachwa kwa sababu wakazi walilitumia kila siku. Shairi, ambalo halitumiki kila siku, lahitaji watu watakaoliangalia kwa makusudi, na kazi hiyo ni ya idara kama hizi.