Ramani ya Saratani: Kabla ya Kompyuta Kulikuwa na Pini

Leo tuzungumzie data iliyookoa watoto kabla kompyuta hazijafika hospitalini kwetu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, amwone mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Majuma machache baadaye Burkitt akakuta mwingine Jinja, amevimba vivyo hivyo, na tumboni pia. Akafukua mafaili ya zamani. Uvimbe wa taya, wa figo, wa ovari, hata watoto waliopooza miguu kwa kubanwa uti wa mgongo: kila kimoja kilihesabiwa ugonjwa wake. Kumbe ni saratani moja! Akaitangaza mwaka 1958.

Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: malalamiko kumi, hitilafu moja.

Swali likawa: inapatikana wapi? Burkitt akatuma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na kila jibu akalichomekea pini kwenye ramani. Oktoba 1961 yeye, Ted Williams na Cliff Nelson wakasafiri kwa gari wiki 10, karibu kilomita 16,000. Wakaona kwamba penye baridi au ukame ugonjwa ni nadra. Ndiyo maana Kajiado mjini, juu kwenye baridi, iko nje ya ukanda huo. Magadi kuna joto, lakini mvua ni haba.

Ramani ilifanana na ile ya malaria. Kule London, Anthony Epstein alimsikia Burkitt mwaka 1961. Mwaka 1964, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, akatangaza kirusi kilichomo katika uvimbe huo. Leo tunajua kirusi hicho na malaria ya mara kwa mara huchangia.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, lakini ukiwahiwa, dawa huutibu vizuri. Sasa fikiria mtoto aliyehamia Kitengela kutoka Kisumu, taya limevimba, meno yanalegea. Fomu ikiuliza anwani ya sasa tu, ataonekana mtoto wa nyanda za baridi, ang'olewe jino arudi nyumbani.

Kwa hiyo, wenzangu mnaotengeneza mifumo ya hospitali, ongezeni safu moja: "Aliishi wapi awali?" Burkitt alianzia hapo.