Mabaharia Waliopotea Ughaibuni: Serikali Zina Deni Gani?

Meli ikizama ughaibuni, walionusurika hupokelewa na waliokufa huzikwa. Anayezishinda serikali ni yule wa tatu, asiyepatikana akiwa hai wala maiti. Kwake nyumbani mke hajui akae eda au aendelee kungoja, wazee hawajui waweke matanga au wasubiri simu, na mirathi haigawiki. Sheria ya Ushahidi ya Kenya humdhania mtu kuwa amekufa baada ya miaka 7 ya kutosikika. Historia ya sheria za bahari inaonyesha kwamba mwenye mali alifikiriwa kwanza, akafuata manusura. Aliyepotea amekumbukwa mwisho, tena kwa kushinikizwa na jamaa zake.

Zamani hata manusura hakuwa na chake. Kwa sheria ya Uingereza, mshahara wa baharia ulitegemea nauli ya shehena. Chombo kikizama kabla nauli haijapatikana, alitoka majini mikono mitupu. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1854. Marekani ilikuwa imeshapiga hatua nyingine mwaka 1792, ilipowaagiza makonsuli wake wawatunze mabaharia waliovunjikiwa na meli, kwa gharama isiyozidi senti 12 kwa mtu kwa siku. Posho ilikuwa ndogo, ila serikali ilikuwa imekiri kwamba baharia wake ni wake hata akiwa bandari ya mbali.

Kwingineko manusura walitegemea hisani. Usiku wa tarehe 16 Septemba 1890, manowari ya Dola ya Uthmaniya iitwayo Ertuğrul ilipasuka kwenye miamba ya Kushimoto, Japani, na zaidi ya watu 500 wakafa. Walionusurika walikuwa 69. Baadhi yao walipanda genge hadi kwenye mnara wa taa wa Kashinozaki, na wanakijiji wa kisiwa cha Oshima, maskini wenyewe, wakawapa nguo na chakula chao. Serikali ya Japani ikatoa manowari mbili, Hiei na Kongō, zikawafikisha Istanbul.

Karne ya 20 iligeuza hisani kuwa sheria. Mwaka 1920, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha mkataba unaomtaka mwenye meli amlipe fidia baharia aliyekosa kazi kwa sababu meli imezama. Mkataba wa Vienna wa 1963 ukaitaka nchi ambako chombo kimevunjika iiarifu ofisi ya konsuli inayohusika bila kuchelewa, na ule wa Hamburg wa 1979 ukazitaka nchi zipange kazi ya kutafuta na kuokoa. Hata hivyo, hakuna mkataba kati ya hiyo ulioweka idadi ya siku za kuwatafuta watu, na swali likabaki: watafutwe hadi lini?

Swali hilo liliikabili Korea Kusini. Tarehe 31 Machi 2017, meli ya Stellar Daisy, iliyobeba madini ya chuma kutoka Brazil, ilizama katika Atlantiki ya Kusini muda mfupi baada ya kutuma ujumbe kwamba inaingia maji. Ilikuwa na Wakorea 8 na Wafilipino 16, na ilipeperusha bendera ya Visiwa vya Marshall. Wafilipino 2 tu waliokotwa kwenye boti la mpira. Jamaa walikusanya saini na kuibana serikali hadi, Februari 2019, chombo ilichokikodi kikafika kilindini, karibu mita 3,500 chini. Kinasa safari kilipatikana. Kamera zikaonyesha pia masalia ya binadamu, lakini yakaachwa palepale kwa kuwa mkataba wa kazi haukuhusu kuyaopoa. Jamaa walipewa chombo, wakanyimwa mtu.

Nasi tumo katika hesabu hii. Januari 2019, meli mbili zenye bendera ya Tanzania, Candy na Maestro, ziliungua karibu na mlango-bahari wa Kerch. Mabaharia, wengi wao Waturuki na Wahindi, walikufa na wengine wakapotea. Ibara ya 94 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 huitaka nchi ya bendera ifanye uchunguzi meli yake inapopoteza maisha ya watu katika bahari kuu. Bendera inaingiza ada, na ada hiyo ina wajibu wake. Kituo cha uokoaji cha Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 2006, kinathibitisha kwamba ukanda wetu unaweza kushirikiana baharini.

Serikali zetu zifanye yaliyo ndani ya uwezo wao. Kila baharia anayeajiriwa nje aandikishwe pamoja na ndugu wa kupigiwa simu. Balozi zetu ziseme na jamaa tangu siku ya kwanza, badala ya kuwaachia mawakala. Mahakama zitoe tamko la kifo mapema pale ambapo ushahidi wa kuzama hauna shaka. Na mkataba wowote wa kutafuta meli utaje, kabla ya mashine, watu waliokuwamo.