Meza ya ruta: pesa kidogo iende wapi?

Kwenye karakana za Meru na Embu mbao inayopatikana kwa wingi ni mgrevilia, mti wenye asili ya Australia unaopandwa kwenye mashamba ya kahawa na chai. Sisi wa Pwani tuliozoea mvule huudharau. Mimi siudharau: madoadoa yake hupendeza ukipigwa vanishi, ila ukirandwa mbichi hupinda.

Meza ya ruta, yaani ile ambayo ruta hufungwa chini yake biti ikachomoza juu, haihitaji vyuma vya bei. Inahitaji uso ulionyooka. Gundisha plaiwudi mbili za milimita 18, kisha bandika fomika juu na chini. Ukibandika juu peke yake, itabinuka. Ipitishie rula ndefu. Mwanga ukipenya chini yake, bado.

Ubao wa kuongozea nao ni plaiwudi mbili zilizoungwa kwa pembe mraba, zikabanwa kwa klampu. Ukikaa mshazari mezani si neno, kwa sababu biti ni duara. Kinachopimwa ni umbali wake na ubao huo. Toboa nafasi ya bomba la kunyonya vumbi, maana vumbi la mgrevilia huwasha ngozi za baadhi ya watu.

Kisha vidole, ndugu zangu. Sukuma mbao kwa kijiti, kutoka kulia kwenda kushoto, dhidi ya mzunguko wa biti. Usiipitishe kamwe kati ya biti na ubao wa kuongozea: itanyakuliwa, na mkono uifuate.