Ushahidi wa Mialoni: Kanisa la Greensted

Mwanafunzi wa historia hufundishwa mapema kuheshimu hati. Lakini jengo nalo ni hati, nalo yafaa lisomwe kwa uangalifu uleule. Mfano tunaoupendekeza ni kanisa dogo la Mtakatifu Andrea katika kijiji cha Greensted, karibu na mji wa Chipping Ongar, jimboni Essex, Uingereza.

Ukumbi wa waamini umezungukwa na magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati na kusimamishwa wima, bega kwa bega: upande wa mviringo hutazama nje, upande bapa hutazama ndani. Ubavuni mwa kila gogo umechongwa mfuo, na kati ya mifuo miwili umepachikwa ubao mwembamba unaozuia upepo na mvua. Sehemu ya altare ni ya matofali, nayo ni ya mnamo mwaka 1500. Upande wa magharibi umesimama mnara wa mbao, wenye kengele ya mwaka 1617.

Je, magogo hayo yana umri gani? Hapo ndipo mashahidi wanapotofautiana. Mfalme Edmund wa Anglia Mashariki aliuawa na Wadenmarki mwaka 869. Mwili wake ulipelekwa London mwaka 1010, ukarudishwa mwaka 1013. Na maandishi ya watawa wa Bury St Edmunds yasema kwamba njiani ulilazwa Ongar, mahali ambapo kikanisa cha mbao kilikumbusha tukio hilo. Wengi wakaamini kwamba kikanisa hicho ndicho hiki. Mnamo mwaka 1960 pete za ukuaji wa miti zilichunguzwa, ukapendekezwa mwaka 845, na mapokeo yakaonekana kuthibitishwa.

Katika miaka ya 1990 pete zilihesabiwa upya. Pete ya mwisho iliyosalia ni ya mwaka 1053. Lakini tabaka changa lililo chini ya gome lilikuwa limekwisha kuondolewa. Kwa hiyo wataalamu waliongeza miaka 10 hadi 55, na kukadiria kwamba miti ilikatwa kati ya mwaka 1063 na 1108. Basi mwili wa Edmund haukulala kati ya kuta hizi.

Je, tuyatupe mapokeo? La, hasha. Uchimbaji wa mwaka 1960, chini ya sehemu ya altare, ulifunua alama za majengo mawili ya mbao yaliyotangulia, ambayo hukadiriwa kuwa ya karne ya 6 na ya 7. Yawezekana basi kwamba mapokeo yalihifadhi mahali kwa usahihi, na kosa likawa letu sisi tuliodai kwamba kuta ni zilezile.

Tena kuta zenyewe hazikubaki kama zilivyojengwa. Katika matengenezo ya mwaka 1848 ncha za chini zilizooza zilikatwa, na magogo yakasimikwa juu ya msingi wa matofali. Ukuta ulifupishwa ili upate kudumu.

Sisi tunaokusanya masimulizi ya wazee twajua shida hii. Tusimwulize shahidi jambo asiloweza kulijua. Mwaloni hutueleza wakati ulipoota. Ni nani aliyelazwa hapo usiku mmoja, hilo hukumbukwa na watu.