Ujuzi na Soko Lake: Wataalamu wa Kiwanda cha Karatasi cha Mgololo, 1985–2016

Mijadala kuhusu kuhamishia kazi za kitaalamu nje ya nchi huchukulia kwamba kazi huondoka na mtaalamu hubaki. Historia ya Kiwanda cha Karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, inaonesha sura nyingine: mitambo ilibaki mahali pake, lakini umiliki ulivuka mpaka. Hoja ya msingi ya makala hii ni kwamba hali ya mtaalamu haipimwi kwa idadi ya ajira pekee, bali pia kwa idadi ya waajiri wanaouhitaji ujuzi wake.

Kiwanda kilijengwa na serikali kwa fedha za Benki ya Dunia na wahisani wengine, ikiwamo Sweden, ili kutumia miti ya shamba la Sao Hill. Uzalishaji ulianza mwaka 1985, kwa uwezo uliokusudiwa wa tani 60,000 kwa mwaka. Kazi yenyewe ilidai elimu ya kemia na uzoefu mrefu: vipande vya mbao hupikwa kwa kemikali hadi viwe rojo, kisha maji meusi yanayobaki huchomwa ili kurejesha kemikali na kupata mvuke. Kosa katika hatua moja huvuruga hatua zinazofuata.

Kiwanda kiliposimama kabla ya kubinafsishwa, fundi umeme au mhasibu aliweza kutafuta kazi katika viwanda vya chai vya Mufindi. Mtaalamu wa kupika rojo hakuwa na kiwanda kingine cha aina hiyo nchini. Cha karibu kilikuwa Webuye, Kenya.

Mwaka 2004 kiwanda kiliuzwa kwa Kundi la Rai la Kenya, na uzalishaji ukarejea kwa jina la Mufindi Paper Mills. Kiwanda cha Webuye kilisimama mwaka 2009, na mwaka 2016 kikanunuliwa na kundi hilohilo. Hivyo, mtaalamu aliyevuka mpaka kutafuta mwajiri mwingine angemkuta mmiliki yuleyule.

Ubinafsishaji, basi, uliokoa mitambo na baadhi ya ajira, lakini haukumpa mtaalamu uwezo wa kuchagua. Tathmini inayohesabu ajira zilizorejeshwa bila kuuliza swali hilo huacha nje sehemu muhimu ya historia ya Mgololo.