Marekani Ilifika Tabora Ikiwa Nguo

Mwambie mtoto wa darasa la pili achore Marekani. Pengine utapata bendera ya nyota na milia, au yule mwanamke wa New York aliyeinua mwenge (na usishangae akikuuliza kama ndio Mwenge wa Uhuru, ule uliowashwa Kilimanjaro Desemba 1961). Sina ugomvi na michoro hiyo. Ila kwa mtoto wa Tabora, somo lingeweza kuanzia karibu zaidi.

Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said. Meli za Salem, Massachusetts, zilishusha Unguja majora ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa, watu wakakiita merikani. Kilipanda bara mabegani mwa wapagazi, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na njiani kilikuwa ndiyo fedha. Watemi wa Ugogo walilipwa hongo kwa doti; chakula kilinunuliwa kwa shuka, yaani mikono minne, na mkono ni kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mtu wa Unyanyembe aliweza kuipima Marekani kwa mkono wake mwenyewe bila kuwahi kusikia habari za Washington. Nazo pembe za ndovu zilizoteremka pwani kwa njia hiyohiyo zilifika Connecticut, zikachongwa vibonyezo vya piano.

Bendera ilifuata baadaye. Juni 1871 Henry Morton Stanley, mzaliwa wa Wales aliyetumwa na gazeti la New York Herald, aliingia Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Novemba, msafara wake ulipoingia Ujiji, bendera ya Marekani ilitangulia na ya Zanzibar ikafunga nyuma. Ilikuwa enzi ya nyota 37. Mtoto akihesabu 50 za leo, atataka kujua hizo 13 zimetoka wapi, na hilo ni swali zuri kuliko yote atakayoulizwa kwenye mtihani. Sanamu ya Uhuru ilikuwa bado: ilizinduliwa mwaka 1886.

Tembe la Kwihara leo ni makumbusho yenye jina la Livingstone. Alikaa hapo kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akiwasubiri wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Bila wao hakuweza kwenda popote. Mwaka uliofuata Susi, Chuma na wenzao walianza safari ya kuubeba mwili wake kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo. Jina kwenye jumba ni la aliyebebwa.

Ningekuwa na darasa hapo Kwihara, bendera ningeionyesha mwisho. Kwanza ningetandika sakafuni mikono minne ya kitambaa cheupe, wapime wenyewe. Kisha ningeleta mzigo wa kilo 30 hivi, ambao ndio uliokuwa wa mpagazi mmoja, na kila mtoto ajaribu kuunyanyua.