Kumbukumbu Tele, Anwani Haba

Wasimamizi wa seva za Linux mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikutana na kioja. Mashine ina gigabaiti nyingi za kumbukumbu, nyingine hazijaguswa kabisa, lakini kiini cha mfumo endeshi kinalia njaa na kuanza kuua programu moja baada ya nyingine kwa madai kwamba kumbukumbu imekwisha. Kiini hakikuwa kinasema uongo.

Chanzo cha kioja hicho ni prosesa ya Intel 386 iliyotoka mwaka 1985. Anwani zake zilikuwa za biti 32, kwa hiyo ziliweza kutaja baiti 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4, na basi. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux kwenye kompyuta ya aina hiyo mjini Helsinki mwaka 1991, kompyuta za watu wa kawaida zilikuwa na megabaiti chache tu. Gigabaiti 4 zilionekana kama bahari.

Baadaye bahari hiyo iligawanywa: gigabaiti 3 za anwani zikawa za programu, na 1 ya juu ikawa ya kiini. Katika fungu lake, kiini kilitenga megabaiti 896 kuwa kioo cha kumbukumbu halisi. Kikitaka kujua baiti fulani iko wapi, kinatoa namba moja isiyobadilika na kupata jibu. Ni hesabu nyepesi, ya kasi, na ilitosha kabisa mpaka watu walipoanza kununua kumbukumbu kupita kioo hicho.

Mwaka 1995 Intel ilileta Pentium Pro, ambayo iliweza kufikia kumbukumbu halisi kwa biti 36: gigabaiti 64. Ila anwani zinazotumiwa na programu, na kiini chenyewe, zilibaki biti 32 zilezile. Ghala lilipanuliwa mara 16, mlango ukaachwa vilevile.

Linux ilijibu kwa kuita kila kilichovuka kioo "kumbukumbu ya juu", mpango uliokomaa katika toleo la 2.4 la Januari 2001. Kiini kikitaka ukurasa wa huko, yaani kipande kimoja cha kumbukumbu, kinaufungulia dirisha la muda, kinausoma, kisha kinalifunga ili ukurasa mwingine upate nafasi. Kwenye mashine zilizotumia biti 36, madirisha ya aina kuu yalikuwa 512, kila moja kilobaiti 4. Megabaiti 2 kwa jumla, za kuchungulia gigabaiti 64! Vifaa visivyoweza kufika huko juu navyo vililazimu data inakiliwe kwanza chini, na kila nakala ilikula muda.

Lakini kilichoumiza zaidi kilikuwa daftari. Kiini huweka rekodi ya kila ukurasa wa kumbukumbu, na rekodi hizo lazima zikae ndani ya zile megabaiti 896. Gigabaiti 64 ni kurasa 16,777,216. Hata rekodi moja ikibanwa hadi baiti 32, daftari zima ni megabaiti 512, zaidi ya nusu ya chumba, kabla mtu hajafungua faili hata moja. Kadiri tajiri alivyoongeza kumbukumbu, ndivyo kiini kilivyozidi kubanwa.

Mwaka 2003 Ingo Molnar, mtaalamu wa Red Hat, alikipa kiini karibu gigabaiti 4 zake peke yake, na programu nazo kiasi hichohicho. Nafasi ikapatikana, ila kila programu ilipoomba huduma ya kiini, prosesa ilibidi ibadilishe jedwali zima la kurasa, kwenda na kurudi. Wateja wengine walikubali gharama hiyo, kwa kuwa mashine polepole ni afadhali kuliko mashine iliyokufa.

Aprili ya mwaka huohuo AMD ilitoa Opteron, prosesa ya biti 64 iliyoendesha pia programu za zamani bila kuziandika upya. Kioo kikaweza kuionyesha kumbukumbu yote.

Madirisha yale hayakuondoka upesi. Uwezo wa gigabaiti 64 kwa prosesa za Intel za biti 32 ulifutwa kwenye Linux katika toleo la 6.15, mwaka 2025.